Kisogo cha Ukoo wa Mbonile

Siku hizi ukimpelekea Roda jina la mchumba wa mwanao, atakuuliza maswali mawili: amezaliwa na nani, na amelelewa na nani. Zamani lilikuwa swali moja tu, lile la kwanza, na ole wako jibu lisimpendeze. Harusi iliishia hapohapo, hata kama mbuzi alishafungwa kamba.

Watu wa Tunduma humwita Mama Gwamaka akiwa anawatazama. Akigeuka, humwita Maabara. Mwenyewe hilo jina analijua na, nikuambie ukweli, analipenda. Anauza maharage sokoni, maharage ya kwao Ibaba, kule juu Ileje, na kutwa nzima ameinamia ungo anachambua. Mkono unachambua maharage, mdomo unachambua koo za watu. Hakuna posa iliyotoka kwenye usharika wao bila kupita kwanza kwenye ule ungo.

Na alikuwa na mbinu zake. Akitumwa kuchunguza ukoo hakwenda kuuliza tabia zao, maana nani atakukubalia kwamba kwao ni wavivu? Alijifanya amepotea njia, akabisha hodi, akaomba maji ya kunywa. Hapo anaangalia nani katumwa kuyaleta na amejivuta kiasi gani. Anaangalia watoto wanavyogombania mpira. Anasifia picha ya babu ukutani ili aambiwe babu alikufa kwa nini. Akirudi mjini majibu yameshaiva. "Ukoo ule wana damu ya usingizi. Nimefika jua limeshapanda, aliyenipokea ni kuku." Au: "Wale wana damu ya umbeya. Nimeomba maji, nikapewa habari za jirani." Binti mmoja, Tumpale, alimkosa mchumba wake hivihivi, eti ukoo wa kijana una damu ya kucheka ovyo, hata msibani wanacheka. Tumpale akaolewa kwingine, na mpaka leo nyumbani kwake hakuna anayecheka.

Ushahidi mkubwa wa Roda ulikuwa nyumbani kwake mwenyewe. Marehemu mumewe, Yesaya Mbonile, alitoka kwenye ukoo uliojulikana Ibaba nzima kwa jambo moja, nalo ni kususa. Si kununa tu kama mimi na wewe. Mwanaume wa kwa Mbonile akiudhika hasemi neno. Anainuka, anageuza kiti, anakaa akitazama ukuta, na nyie mnabaki na kisogo chake. Baba yake Yesaya aliwahi kumgeuzia mchungaji benchi mahubiri yakiendelea. Yesaya mwenyewe aligeuza kiti kwa sababu ya chumvi, aligeuza kwa sababu ya redio, na kuna siku aligeuza kwa sababu Roda alicheka alipomwona amegeuza.

Na Gwamaka, mtoto wao wa pekee? Hata chekechea hajaanza, kanyimwa muwa, akakokota kigoda chake mpaka ukutani, akatulia na kisogo chake kidogo. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Roda ndiye aliyecheka kuliko wote.

"Mmeona?" alipiga kelele. "Mmeiona damu ya Mbonile? Damu haifichiki, jamani!"

Maneno hayo aliyarudia mwaka hadi mwaka, kwa sauti, kwa kila mwenye masikio. Alikuwa na sababu ya kuyasema kwa sauti. Gwamaka hakuwa na hata tone moja la damu ya Mbonile. Wala la Roda.

Hapo ngoja nikueleze taratibu. Yesaya na Roda walikaa kwenye ndoa bila mtoto mpaka maneno ya watu yakawachosha, wakahamia upande wa pili wa mpaka, Nakonde, Zambia, wakauza salaula, yaani mitumba. Chumba cha jirani alipanga dada mmoja aitwaye Pendo, mjamzito, mpole, asiyetaja kwao ni wapi. Alijifungua mtoto wa kiume na hakuamka tena. Hakuna ndugu aliyetokea. Yesaya alikuwa amekwenda kusaidia mambo ya maziko, akapewa kichanga akishike kidogo tu wakati watu wanajipanga. Hakukiweka chini tena. Wakafuata taratibu zote za kule, na waliporudi Ibaba Roda alikuwa na mtoto mgongoni. Watu wakasema Mungu mkubwa, kumbe ilikuwa hewa ya Ileje tu! Hawakumdanganya mtu, waliwaacha tu watu wafurahi. Wakakubaliana kwamba jambo hilo litabaki la wawili, na Yesaya alipofariki likabaki la mmoja.

Huyu mmoja aliogopa kitu kimoja tu duniani. Aliogopa kwamba Gwamaka akijua, atamwangalia kama mpangaji anavyomwangalia mwenye nyumba: kwa adabu, na basi. Sasa utaniuliza, mwanamke anayehubiri damu kutwa aliwezaje kulala na siri ya namna hiyo? Mimi sijui. Nadhani aliviweka mafungu mbalimbali, kama maharage.

Gwamaka akakua, akapata kazi ya uwakala wa forodha hapo mpakani, na siku moja akamleta nyumbani binti wa Vwawa aitwaye Angel, mtoto wa mkulima wa kahawa, Mzee Barnaba. Angel alikuwa mwaka wa mwisho chuoni Mbeya, anasomea saikolojia. Alipoona ungo alikaa chini bila kuambiwa, akaanza kuchambua maharage. Roda akampa alama palepale, ila akajifanya hajampa.

"Mwanangu, hiyo saikolojia ndiyo ya vichaa?"

"Si ya vichaa tu, mama. Tunasoma kwa nini watu wanafanya wanayoyafanya."

Roda aliacha kuchambua. "Wanasomesha hilo? Na cheti wanatoa?"

"Wanatoa, mama. Ziko njia nyingi za kulieleza. Muhula huu tunasoma mkabala wa kibiolojia. Wenye mkabala huo wanasema, ukitaka kuelewa tabia ya mtu, anza na mwili wake: ubongo, homoni, na vile vinasaba anavyorithi kwa wazazi."

"Damu!"

"Tuseme hivyo, mama."

Weee! Roda alisimama, kanga ikamdondoka. Alichungulia dirishani akamwita jirani aje asikie, kwamba chuo kizima kimemfuata, kwamba aliyoyasema miaka yote akichekwa kumbe yameandikwa vitabuni. Jirani alikuwa anafua, hakuja. Roda akakaa tena, ametutumka kwa fahari.

"Endelea, mwanangu. Hasira je? Hasira inakaa wapi?"

"Ubongo ukiona kuna hatari unapeleka taarifa mwilini. Kuna tezi ziko juu ya figo, zinamwaga homoni, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza. Mwili unajiandaa kupigana au kukimbia."

"Au kugeuza kiti."

Angel alicheka mpaka akaziba mdomo. "Hilo la kiti vitabu havijalifikia, mama."

"Waje kwangu. Na kama iko jirani na figo, sasa nimeelewa kwa nini marehemu akisusa alikuwa anakwenda chooni kila saa."

Mambo yalikuwa matamu hivyo mpaka Angel, bila nia yoyote mbaya, akaongeza jingine.

"Ila kuna ugumu, mama. Mtoto akifanana tabia na baba yake, utajuaje kama amerithi au ameiga? Si wanaishi nyumba moja? Ndiyo maana watafiti wanahangaika kutafuta mapacha waliotenganishwa wakiwa wachanga. Na wanawatafuta sana watoto waliolelewa na watu wasiowazaa. Wanamlinganisha na waliomzaa, halafu wanamlinganisha na waliomlea, waone kafuata wapi."

Ungo ulimponyoka Roda. Maharage yakatawanyika sebule nzima, mengine yakaingia chini ya kabati.

"Na wakishampata huyo mtoto," aliuliza akiwa ameinama anaokota, ili uso wake usionekane, "wanamfanyaje? Wanamchukua?"

"Hapana, mama! Wanampima tabia tu, wanamwacha kwao."

"Kwao wapi?"

Angel alifikiri kidogo. "Kwa waliomlea, mama. Si ndiko kwao?"

Roda alichelewa sana kuinuka. Tangu siku ile alimpenda yule binti mpaka akajishangaa, na uchunguzi wa ukoo wa Mzee Barnaba akaufunga bila hata kwenda kuomba maji.

Kumbe upande wa pili nao walikuwa na maabara yao. Mzee Barnaba alikuwa na dada yake, Shangazi Nesta, mwanamke mwembamba mwenye macho ya kuhesabu vijiko vya watu. Asubuhi moja alibisha hodi kwa Roda akiwa amejitanda kitenge.

"Hodi, mama. Nimepotea njia. Naomba maji ya kunywa."

Roda alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Aliruka kama binti, akaleta maji kwenye glasi ya wageni, akapiga na goti. Mgeni akanywa taratibu huku macho yanazunguka, yakatua kwenye picha ya Yesaya.

"Baba mzuri huyu. Alifariki kwa nini, maskini?"

"Presha, dada. Na nyie huko Vwawa, kahawa inaendeleaje?"

Nesta alipaliwa na maji. Hakuwa ametaja Vwawa. Wakatazamana, kisha wakaangua kicheko, na wakaagana kwa heshima kubwa, kama wezi wawili waliokutana kwenye dirisha moja. Lakini kucheka ni kucheka na kazi ni kazi. Nesta alipitiliza mpaka Ibaba, na Ibaba hawana choyo cha habari. Walimpa kisogo cha mtoto, cha baba na cha babu, na cha benchi la kanisani wakamwongezea.

Aliyeleta jibu ni mshenga, Mzee Luka, akiwa ameshika kofia mkononi.

"Wamekataa, Mama Gwamaka. Shangazi mtu anasema binti yao hakuzaliwa kupikia kisogo. Anasema ile damu haitoki, Gwamaka atageuza kiti, watoto watageuza viti, Angel azeeke anaongea na ukuta."

"Nani kamwambia damu haitoki?"

Mzee Luka alikohoa. "Anasema ni wewe. Eti kila mwaka unatangaza."

Gwamaka alikuwa hapohapo. Hakusema neno. Aliinuka, akageuza kiti. Kwa mara ya kwanza Roda alikitazama kile kisogo asicheke. Alijua, na moyo ulimuuma kwa kujua, kwamba sentensi moja tu kutoka kinywani mwake ingeondoa hicho kikwazo. Huyu hana damu ya Mbonile. Kijana angepata mke. Na yeye je, angebaki na nini? Alikwenda jikoni, akaunguza ugali, akaupakua hivyohivyo.

Mzee Barnaba ni mtu laini. Mzee Luka alipombembeleza, akakubali kuwasikiliza mara nyingine, Jumapili baada ya ibada. Gwamaka akaazima gari la mwenzake wa forodha, wakaondoka watatu. Njiani Roda alijaribu.

"Gwamaka, mwanangu."

"Naam, mama."

"Umechomekea shati vizuri."

Walipopita vibanda vya ndizi akajaribu tena.

"Gwamaka."

"Naam."

"Usiendeshe kasi."

Gwamaka alikuwa anajikokota nyuma ya trekta. Mzee Luka, kwenye kiti cha nyuma, alijifanya amelala.

Sebule ya Mzee Barnaba ilikuwa ya watu wanaojiheshimu: makochi makubwa yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo, na ukutani kalenda ya ushirika yenye picha ya matunda mekundu ya kahawa. Angel alikaa karibu na mlango wa jikoni, macho chini. Mzee Luka alizungukazunguka kwa maneno kama desturi ilivyo, Nesta akarudia yake bila kupunguza hata moja, na Gwamaka kwenye kochi lake akawa anazidi kukunja uso. Roda akasimama.

"Mzee Luka, kaa, baba. Hili nitalisema mwenyewe." Alishika mkanda wa mkoba wake kwa mikono miwili. "Shangazi, kazi uliyoifanya Ibaba ni safi. Hata mimi ningeleta majibu hayohayo. Wa kwa Mbonile wana kisogo, sikatai. Ila huyu kijana hana damu ya Mbonile."

Loo! Mzee Luka alipatwa na kikohozi. Mzee Barnaba akatazama viatu vyake.

"Mama Gwamaka," alisema kwa upole, "mambo mengine ya ujanani si ya kusema Jumapili."

"Si hayo mnayoyawaza!" Roda alifoka. "Hebu tokeni huko! Hana ya Mbonile, na yangu pia hana!"

Akawaeleza. Nakonde, salaula, chumba cha jirani, Pendo asiyetaja kwao, Yesaya na kile kichanga. Alieleza yote akimtazama Nesta, maana upande aliokaa Gwamaka hakuthubutu kutazama.

"Kwa hiyo hicho mnachokiogopa hakimo ndani yake. Mpeni binti. Kijana ni..." Alitaka kusema ni msafi, kama anavyowaambia wateja wake wa maharage, sauti ikakatika.

Gwamaka aliinuka. Kochi la Mzee Barnaba halikutengenezwa kwa kazi ile. Alilivuta, likalia sakafuni, vitambaa vikadondoka, Mzee Luka akainua miguu kupisha. Aliligeuza taratibu mpaka likaelekea ukutani, chini ya kalenda, akakaa. Watu wakabaki na kisogo. Kilikuwa kisogo cha Yesaya mtupu, hata na lile bega la kushoto lililopanda juu kidogo.

Kuku alipita mlangoni, hakuna aliyemfukuza.

"Mama Gwamaka," Nesta alisema. "Si umesema hana damu?"

"Hana."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Na hicho ni nini?"

Roda alikitazama tena kile kisogo. Ikamjia Ibaba, nyumba yao ya zamani, Yesaya amesusia chumvi na ameuelekea ukuta, na mtoto wa miaka miwili anakokota kigoda kwenda kukaa kando ya baba yake, mabega yao ya kushoto yamepanda sawasawa. Yesaya, bila kugeuka, anamegea mtoto kipande cha muhindi wa kuchemsha. Roda aliliona jambo hilo mara nyingi akiwa mlangoni na mwiko wake. Aliliona, akaliita damu. Maabara yote ikamwangukia pale sebuleni kwa watu.

"Hicho alipewa na Yesaya," alisema. "Kidogo kidogo, kwa mkono."

Angel aliinua uso. Alionekana kama mtu ambaye mtihani wake umeingia ndani na kukaa kwenye kochi, akabaki anamtazama Gwamaka.

Gwamaka hakugeuka. Roda akaogopa. Mambo ya posa yalimtoka kabisa kichwani. Mtoto amesikia mbele ya watu kwamba huyu si mama yake, na sasa amempa mgongo, na nani atamlaumu? Roda alichukua kiti cha mbao kilichokuwa kando ya kabati, akakibeba mpaka ukutani, akakiweka karibu na kochi, akakaa naye akitazama ukuta. Hakumgusa. Alikaa tu, mkoba mapajani, akisubiri hukumu yake.

Wanaume wa kwa Mbonile wakiwa ukutani hawaongei. Hilo Ibaba nzima inalijua. Yesaya aliwahi kukaa hivyo mbuzi wakila mahindi yake mbele ya dirisha, asifungue mdomo.

"Mama," Gwamaka alisema kwa sauti ya chini.

"Abee, baba."

"Sogea kidogo. Unanizibia kalenda."

Roda alisogea. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anacheka, na kwa kuwa alitazama ukuta hakuona haja ya kuficha kimoja wala kingine. Gwamaka alinyoosha mkono bila kugeuka, akamshika vidole.

Nyuma yao walisikia Shangazi Nesta akivuta pumzi ndefu.

"Barnaba, unaona? Mama mtu naye kageuka. Kumbe hiki kitu kinaambukiza."

"Sasa unasemaje, dada?"

Waliomjua Nesta walisema baadaye kwamba hajawahi kuchelewa hivyo kutoa majibu.

"Nasema waleteeni chai," akasema mwisho. "Posa tutaizungumza wakirudi. Na ya hao wawili ipelekwe hukohuko ukutani, isije ikapoa."

Angel aliingia jikoni. Alirudi na vikombe vitatu, na kigoda, akaelekea ukutani.